Chuma cha kizamani kimekuzimikia katikati ya msako: tuanzie wapi?

Nazungumzia pikipiki za kizamani tunazozipandisha vilima vya Pemba kwenye msako wa vitendawili, na kabla hamjanicheka, najua Pemba hakuna mlima. Jamaa yangu mmoja wa Lushoto alikuja akaniuliza mlima wenyewe uko wapi, nikamwambia si huu hapa chini ya matairi yako, akacheka mpaka machozi. Lakini sasa mtu atoke Chake Chake ashike barabara ya zamani ya Wete, panda shuka panda shuka, kona baada ya kona, mikarafuu kulia mikarafuu kushoto, na alichokalia ni Vespa iliyomzidi umri, mpaka afike Konde ashajua kuwa kilima si lazima kiwe kirefu ndio kikutoe jasho.

Mchezo wenyewe ni huu kwa asoujua. Tunatoka watu wanane, siku nyengine kumi na mbili, hatuna klabu wala fulana za kufanana, kila mtu na chuma chake: Vespa, Honda ya cc hamsini, na kuna Honda CG ya mwalimu mmoja mstaafu inang'ara kuliko gari za watu. Kila mmoja anapewa karatasi ya vitendawili, na kila kitendawili kina kitu chake njiani, unakitafuta, unakipiga picha na pikipiki yako ionekane pembeni, unaendelea na chengine. Mfano: "Kisima kimoja, wake wawili, hawaonani." Hapo mwenye kujua kwao keshapiga kiki anaelekea Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani, ya karne ya 15, maana wazee wanasimulia kuwa alikikata kisima kwa ukuta katikati ili wake zake wakija kuteka maji wasikutane. Au "Hulala mchana kichwa chini na wala haumwi", huyo popo wa Pemba, nenda Kidike, hapatikani pahala pengine duniani ila kwetu.

Sasa mimi kwenye kundi ndio nnaebeba spana, kwa hio nshaona vyuma vingi vimelala pembeni ya njia. Na nnachokwambia ni kwamba nyingi ya hizi hazizimi kwa uzee. Zinazima kwa sababu ya mwendo wa msako wenyewe: unakwenda dakika kumi, unazima, unakimbilia kichakani na simu, unarudi mbio, unawasha injini ikiwa ya moto, unakwenda tena dakika tano, unazima. Chuma hicho hicho ungekitoa Mkoani mpaka Konde bila kusimama wala kisingekohoa. Ndio maana mtu akinipigia simu "imekufa" simuulizi ina nini. Namuuliza imezima vipi na ulikuwa unafanya nini kabla yake.

Umesimama kupiga picha, umerudi, haiwaki

Hii ndio mama yao, nusu ya simu nnazopigiwa ni hii. Na mara nyingi kosa ni mkono. Asubuhi uliivuta choki (ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi) ndio ikawaka, sasa mkono ushazoea, umerudi na haraka zako unavuta choki tena wakati injini ina moto, unapiga kiki tatu, petroli imejaa ndani, plagi imerowa, bas. Dalili yake ni harufu, ukiinama unasikia petroli tupu. Au uliacha koki ya petroli wazi ukaiegemeza pikipiki upande, na sindano ya floti ndani ya kabureta, inayozuia mafuta yasizidi, ina uchafu haizibi vizuri, mafuta yanashuka taratibu wakati wewe unatafuta popo.

Dawa: funga koki, rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, piga kiki saba nane bila pupa. Itakohoa, itatoa moshi, itashika. Ikishika fungua koki. Isiposhika toa plagi.

Na hapa kwenye plagi nataka tukae kidogo maana watu wanaitoa, wanaitazama kama wanatazama kiganja cha mtu, wanairudisha. Irudishe kwenye kipira cha waya wake, chuma cha plagi kiguse kichwa cha injini, mbali na lile tundu maana mvuke wa petroli unatoka pale, kisha piga kiki huku unatazama ncha. Jua la saa sita huoni kitu. Siku moja pale karibu na Ole nilivua koti nikajifunika nalo kichwa mimi na injini kama mtu anaejifukiza, mtoto mmoja akaja akachungulia chini akaniuliza "ami, unafanya nini humo?", na ndio yeye aliyeiona cheche kabla yangu, "kimulimuli hicho hapo!" Ikiwa ya buluu na inasikika tak tak, moto upo, shida iko kwenye mafuta. Ikiwa ya manjano imelegea au hamna kabisa, shida iko kwenye umeme. Kitu hiki kimoja kinakuokolea saa nzima ya kubahatisha.

Kwa wenye Vespa na vyuma vyote vya kuchanganya oili na petroli, tazama pia kama kuna kijiuchafu chembamba kama unywele kimeunganisha ncha mbili za plagi. Kinaingia hata kwenye plagi mpya. Kitoe kwa wembe au kijiti cha kiberiti, rudisha, itawaka saa hio hio na mwenyewe utajiona fundi. Lakini beba plagi ya akiba, hio si mjadala.

Inakata kilimani, ukikaa kidogo inawaka, mbele inakata tena

Hapa sikiliza namna inavyokufa. Ikifa taratibu, inakohoa, inavuta, inaachia, inavuta, hio ni njaa ya mafuta. Ikifa ghafla kama mtu kazima taa, hio ni umeme.

Njaa ya mafuta kwanza. Fungua kifuniko cha tenki, kwa Vespa kipo chini ya kiti. Ukisikia pumzi inaingia "fsss", umeshapata: kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, mafuta yanataka kushuka lakini hewa haiingii nyuma yake, ni kama dumu ulilolitoboa upande mmoja tu. Zibua kwa sindano. Kuna bwana mmoja aliosha pikipiki yake usiku kwa ajili ya msako, akaipaka nta mpaka kwenye kifuniko, asubuhi anakata kila kilima, na kadiri anavyokasirika anazidi kuifuta. Ikiwa si kifuniko, tazama koki kama haiko kwenye akiba na akiba yenyewe ishaisha, maana mafuta yakiwa kidogo kwenye tenki na umeinama na kilima yanakimbilia nyuma, yanaliacha tundu kavu.

Halafu petroli ya chupa. Sisemi watu wanaouza vijijini wabaya, wametuokoa mara ngapi, lakini chupa hio imekaa juani siku ngapi na ilikuwa na nini kabla? Imimine kwenye chupa ya maji isio na rangi, iache itulie wakati unavuta pumzi, kisha inyanyue kwenye jua. Maji yanakaa chini, utaona mstari, au tone linabingirika chini kama shanga. Ukiona shanga usimimine ya chini. Ushaimimina tayari? Toa kibakuli cha kabureta, mwaga, futa, puliza jeti (kile kitundu cha kupitishia mafuta) kwa mdomo. Usiingize waya kwenye jeti, kile kitundu kimepimwa kiwandani na waya wako haukupimwa.

Sasa zile zinazokufa kama taa. Pointi, kondensa na koili, vifaa vinavyotengeneza cheche, za zamani zikipata moto zinachoka. Injini ikiwa baridi cheche nzuri, ukipanda kilima baada ya kilima koili inachemka, moto unapotea, unakaa nusu saa chini ya mwembe unakunywa maji, unapiga kiki, inawaka, unajisifu umeitengeneza na wala hukugusa kitu. Kipimo chake ni kuipima cheche pale pale ilipozima, sio baada ya nusu saa. Pointi zikiwa na kutu au zimechomeka unaweza kuzisugua na msasa laini njiani ukafika nyumbani, koili na kondensa huwezi kuzitibu, ni kubadilisha.

Na kuna ya tatu ambayo naiogopa: injini inapungua nguvu, inakuwa nzito, sauti inabana, halafu tairi ya nyuma inataka kujifunga. Hio pistoni inashika. Kamata klachi PAPO HAPO, ndio maana vidole viwili viwe juu ya klachi kila unapopanda na mafuta wazi. Simama, iache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, chuma cha moto na maji ya baridi ni ufa. Sababu mara nyingi ni oili. Vespa nyingi za 150 tunazoendesha huku mchanganyiko wake ni asilimia 2, yaani petroli lita 5 kwa oili mililita 100, kwa kipimo na sio kwa jicho. Wengine kwa kuionea huruma kilima wanazidisha oili, na hawajui kuwa ukizidisha oili umepunguza petroli kwenye kila tone, injini inazidi kuwa na njaa, na juu yake plagi inakuwa nyeusi tititi.

Kushuka nako kuna hila yake kwa hizi za kuchanganya. Oili inaingia pamoja na petroli, kwa hio ukifunga mafuta kabisa ukaacha injini ikuzuie kwenye mteremko mrefu, inazunguka kavu. Huku kwetu miteremko mifupi huwezi kuua kitu, lakini jizoeshe kuipa mafuta kidogo kila baada ya muda, na ukienda kutembea Lushoto kwa yule jamaa yangu utanikumbuka.

Injini inalia, chuma hakiendi

Resi inapanda, mwendo haupandi: klachi inateleza. Kabla hujamlilia fundi, shika mkono wa klachi, uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kama umekaza mno waya, klachi haifungi sawasawa. Legeza. Kama ulegevu upo na bado inateleza basi ni sahani zimekwisha, au ulitia oili ya gari ya kisasa iliyowekwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili hio hio. Vespa inataka SAE 30 ya kawaida, mililita 250, kidogo tu lakini watu wanasahau miaka.

Kinyume chake, klachi haikati, ukiingiza gia inaruka: waya umelegea au nyuzi zinakatika moja moja kule kwenye mkono. Ukiona nyuzi mbili zimechomoza kama masharubu, waya huo hautofika Wete. Vespa gia zake zinapita kwenye waya pia, unazungusha mkono wa kushoto, kwa hio beba waya wa klachi na wa gia, na kile kikorokoro cha kubania mwisho wake. Kikianguka kwenye majani usikitafute, utakosa vyote, msako na hicho.

Moshi

Haraka haraka. Vyuma vya kuchanganya vinatoa moshi asubuhi, waache majirani waseme. Lakini Vespa ikitoa moshi mweupe mzito usiokwisha, na oili ya gia kila ukipima imepungua, mpira wa shafti upande wa klachi umekwisha na injini inavuta oili ya gia inaichoma. Utafika nyumbani, taratibu, ila kesho ni kufungua injini. Kwa Honda na wenzake ambao oili haichanganywi na petroli: moshi wa buluu unapotoka kwenye mteremko ukavuta mafuta tena, tazama mipira ya valvu, moshi wa buluu kila unapopanda na mzigo, ringi za pistoni. Mweusi, choki imebaki au filta ya hewa imejaa vumbi.

Breki hazishiki

Ngoma zikiingia maji hazishiki, hilo halina fundi. Ukivuka dimbwi au imenyesha, kokota breki kidogo kidogo ukiwa bado unakwenda polepole mpaka uisikie inarudi, usisubiri kona ndio ujue. Na udongo mwekundu wa huku ukirowa masika, breki iwe nzima iwe mbovu yote sawa tu, utakwenda chini. Sisi masika hatutoki.

Msimu wa karafuu kuna breki nyengine ya kuwaza. Majamvi yameanikwa pembeni ya njia na pengine yameingia barabarani, ukitoka kwenye kona umeshayafikia. Kukanyaga karafuu za watu si ajali ndogo, mtu kapanda mkarafuu, kachuma, kachambua makonyo (vikonyo vya karafuu), anaanika siku kadhaa anazigeuza na kuzikimbiza mvua, halafu wewe na tairi lako. Kwenye kona usizoziona mwisho, gia ya pili.

Pancha

Vespa ya tairi za inchi 10 ina raha yake, mbele na nyuma ni sawa, unabeba moja ya akiba unafunga nati tano umemaliza. Ila ukitaka kuziba tyubu mwenyewe, rimu ile ni vipande viwili. TOA UPEPO WOTE kabla hujafungua nati za kuunganisha rimu. Ukifungua na upepo ndani vile vipande vinaruka na vidole vyako.

Pikipiki nzima, msako ndio umeharibika

Nako kuna dalili na sababu. Kundi zima limepotea: tazama kitendawili chenu. Mwaka mmoja tuliandika "mwembe mkubwa karibu na msikiti". Sasa nambie kijiji gani cha Pemba hakina hio. Watu walirudi na picha za miembe saba tofauti na kila mmoja anaapa.

Umeuliza njia ukaambiwa "hapo mbele tu" na bado hujafika: hio haina dawa. "Hapo mbele tu" inaweza kuwa nyumba ya tatu, inaweza kuwa Makangale, kule mwisho kaskazini. Uliza upande gani na utapita nini kabla ya kufika, na kama mzee yuko barazani na kahawa yake usimuulize ukiwa juu ya pikipiki na injini inanguruma. Zima, shuka, salimia. Utapoteza dakika kumi na utaambiwa mpaka aliyejenga ile nyumba.

Watu wanaanguka: mmetoa zawadi kwa wa kwanza. Tulifanya hivyo mara moja, galoni ya oili, na siku hio wawili waliingia mtaroni kabla hatujafika hata nusu ya njia. Sasa hatuhesabu saa, tunahesabu picha, na alie nyuma kabisa ana alama mbili kwa kuhakikisha hakuna alieachwa.

Kibandiko ulichobandika jana usiku leo hakipo: watoto wamekichukua, na wana haki, nani anabandika kitu kizuri kwenye ukuta wao akaondoka. Tumia vitu ambavyo havibanduki. Pale Wawi kuna kiwanda cha makonyo, hakuna mtoto atakaekibandua, na harufu yake yenyewe inakuonyesha njia, hicho kitendawili mtu anakijibu kwa pua.

Mtu kaja na karafuu mfukoni badala ya picha: sababu kitendawili kilisema "lete". Usiandike "lete", andika "piga picha". Karafuu ya mtu ni ya mtu, na kutoka nayo mtini kwake ni wizi hata ikiwa punje tano. Na kina mama wanaochambua usiwapige picha mpaka uombe, wakikataa wamekataa.

Taa zinafifia: usiku umewakuta. Vyuma vingi vya kizamani taa zinakula moja kwa moja umeme wa magneto, unaotengenezwa na mzunguko wa injini, ukipanda taratibu kilimani mwanga unakuwa kama kibatari. Hakuna cha kutengeneza hapo, ni kupanga vitendawili viwe vichache ili saa kumi na moja watu wawe wanarudi. Tukitia na msitu wa Ngezi kwenye msako basi kundi linaanzia Konde kabisa, mule msituni giza linaingia mapema kuliko nje.

Imekataa kila kitu

Basi imekataa. Tafuta gari ya mzigo inayorudi upande wenu, patana bei kabla haijapakiwa, ifungeni imesimama na kamba pande nne, msiilaze. Na FUNGA KOKI. Sisi tulisahau mara moja, tumekaa mbele na dereva tunapiga soga, kufika Machomane tunafungua nyuma petroli imetapakaa sakafu nzima, na nyuma mlikuwa na tenga la kuku wa watu. Kuku wote wazima lakini wananuka petroli, na mwenyewe kasimama anatutazama anasubiri tuseme bei.